Tumekuwa Wengi Mno

Wabwile na mkewe Nelima walikuwa wakulima huko Myanga, Bungoma. Walipanda mahindi na maharagwe. Binti yao Nabwile aliishi mjini Kitale. Kila asubuhi Wabwile alivaa gambuti akaenda shambani. Nelima alikama ng'ombe kwanza, kisha akamfuata na chai.

Wabwile alikuwa na ugonjwa wa kisukari. Dawa alizimeza alipokumbuka.

Siku moja wakati wa palizi, kisiki cha mahindi ya mwaka jana kilitoboa gambuti yake na kumchoma unyayo. Aliporudi nyumbani, Nelima aliona damu kwenye soksi.

"Baba Nabwile, si umeumia!"

"Ati nimeumia? Mbona sisikii uchungu?"

Kesho yake walienda zahanati. Muuguzi alikuwa mmoja. Akina mama wenye watoto walijaa kwenye mabenchi, wengine wakaketi kwenye nyasi. Wabwile alingoja mpaka jua likawa kali. Kisha akasimama.

"Unaenda wapi?" Nelima aliuliza. "Bado hatujaonwa."

"Nyumbani. Angalia watu wote hawa. Tumekuwa wengi mno. Hakuna serikali inaweza kututibu sisi sote."

"Na ile bima ya afya? Walikuja kutuandikisha, ukawafukuza."

"Bima ya nini? Kuandikishwa hakupunguzi watu, bana."

Nelima alitaka kubaki. Lakini hakuzoea kumpinga mumewe mbele ya watu. Walirudi nyumbani. Nelima alikiosha kidonda kwa maji ya chumvi, akakifunga kwa kitambaa safi.

Kidonda hakikupona. Kilianza kunuka. Vidole vikawa vyeusi. Wabwile bado alisema hakimuumi. Alipoanza kutetemeka kwa homa, ndugu yake Wakoli alitafuta gari. Walimpeleka hospitali huko Kitale, kwa sababu Nabwile aliishi huko, mtaa wa Kibomet.

Daktari aliuangalia mguu, akamwita Nelima kando.

"Mama, mmechelewa. Kisukari kinaua hisia za miguu. Ndiyo maana hakusikia uchungu. Sasa tusipoukata, atakufa."

Waliukata chini ya goti. Hawakuwa na bima, kwa hiyo ng'ombe wote waliuzwa.

Siku hizo Nelima alikaa kwa Nabwile. Jirani yao Wangechi alikuwa muuguzi aliyestaafu. Alileta uji, akamkuta Nelima ameketi mlangoni, analia.

"Pole sana, Mama Nabwile."

"Asante, dada. Lakini nisaidie kuelewa. Mzee anasema hatutibiwi kwa sababu tumekuwa wengi. Ni kweli?"

Wangechi aliketi karibu naye.

"Si uongo wote. Watu wakiongezeka na wauguzi wawe wale wale, foleni inakuwa ndefu. Mimi nimefanya kazi hivyo. Nilikuwa naona wagonjwa wakichoka na kuondoka. Sikuwa na nguvu ya kuwafuata."

"Basi hakuna tumaini."

"Ngoja kidogo. Kwenu mtu akifariki, ukoo mkubwa ni mzigo?"

"La, ni nguvu. Huyu analeta kuni, yule analeta mahindi. Hakuna anayeumia."

"Na wakija wengi, lakini wanaoleta kitu ni wachache?"

"Hapo wenye boma wataumia."

"Matibabu ni hivyo hivyo. Watu wengi ni wagonjwa wengi, lakini pia ni wachangaji wengi. Kuna nchi zenye watu wengi kuliko sisi, na zinatibu watu wao. Kuna nchi ndogo ambazo zimeshindwa. Kwa hivyo tusiulize tu tuko wangapi. Tuulize pia wangapi wanachanga, pesa zinaenda wapi, na wauguzi wangapi wameajiriwa. Mzima akichanga leo, mgonjwa wa leo anatibiwa. Tukingoja mpaka tuugue, mfuko uko mtupu."

"Na yule hana kitu kabisa?"

"Huyo alipiwe na serikali kutoka kwa kodi. Lakini lazima tudai, tena tudai pamoja."

Nelima alifuta machozi.

"Sisi tunachanga mtu akishakufa," alisema. "Akiwa mgonjwa tunamwachia mke wake."

Wangechi alimsogezea uji.

Waliporudi Myanga, Nelima alijiandikisha kwenye bima pamoja na mumewe. Aliwaeleza wanawake wa chama chake cha akiba. Wengine walimcheka: "Wewe ulilipa lini? Leo unatufundisha?" Wengine walikubali, wakaanza kuweka akiba ya mchango wa bima pamoja. Walienda pia kwenye mkutano wa bajeti ya kaunti, wakaomba muuguzi wa pili. Waliambiwa wangoje. Bado wanangoja.

Kisha Wakoli naye akapimwa, akakutwa na kisukari. Nelima alimwandikisha kwenye bima, akamwambia aangalie nyayo zake kila siku. Haukupita muda, Wakoli akaona kidonda kidogo kwenye kidole cha mguu. Nelima alimpeleka zahanati siku hiyo hiyo. Foleni ilikuwa ndefu kama kawaida.

"Shemeji, twende tu," Wakoli alisema. "Hatutafikiwa leo."

"Hatuendi popote. Kaa chini."

Walikaa mpaka wakafikiwa. Muuguzi alimsafisha kidonda, akampa barua ya kwenda hospitali. Huko alilazwa na kutibiwa. Bima ikalipa. Kidole kikapona.

Wakoli alikuja kushukuru. Wabwile alikuwa ameketi nje, magongo yake yako chini kando ya kiti. Walizungumza habari za mvua. Wakoli akaaga, akavuka shamba kwa miguu yake miwili. Wabwile alimtazama mpaka akafika barabarani.

"Anatembea vizuri," alisema.

"Ndiyo," Nelima alijibu.

Wabwile akamwomba mkewe amgeuzie kiti, aangalie ukuta. Nelima akamgeuzia.