Mlango wa Koko Dorothée

Kila mchana Gentille alipotoka shule, alibadili nguo, akachukua sahani ya ugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo yaliyotwangwa, akazunguka nyuma ya nyumba hadi chumba cha Koko Dorothée, bibi yake mzaa mama.

Koko alifika mji wa Baraka, kando ya ziwa, kwa miguu, vita vilipoingia kijijini kwake huko juu ya Fizi. Fabien, baba yake Gentille, alikuwa fundi wa matofali. Alipigilia vigingi, akavuta kamba, akaongeza chumba kwenye nyumba. Lakini kwao mtu hali chakula mbele ya mama mkwe wake, wala hawapishani mlangoni. Kwa hiyo alielekeza mlango wa Koko kwenye migomba ya jirani, na upande wa uani akajenga ukuta usio na dirisha. Majirani walimsifu: "Fabien anaheshimu mukwe wake!" Koko mwenyewe hakuulizwa.

Adolphine, mama yake Gentille, alimwambia, "Ukae naye mpaka amalize kula." Siku za mwanzo alikaa. Kisha akaanza kuacha sahani mlangoni na kukimbilia kuruka kamba kwa rafiki yake Saumu.

"Koko amekula?" mama aliuliza kila jioni.

"Amekula, mama. Tulizungumuza sana."

Siku moja Gentille alikuta sahani ya jana imejaa sisimizi. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Furushi la Koko halikuwepo.

Angeweza kunyamaza. Badala yake alikimbia hadi ufukweni, mama alikokuwa akianika dagaa.

"Mama, Koko ameenda! Nilikudanganya. Sikuwa nakaa naye. Hata jana hakula."

Mama aliacha kikapu mchangani. "Utalia kesho. Sasa tembea."

Walimkuta Koko kwenye barabara ya Fizi, ameketi juu ya furushi lake, akihema.

"Mama, unaenda wapi? Kule kuna risasi!" Adolphine alimwambia.

"Naenda kwangu."

"Kwako kulichomwa."

"Najua. Lakini pale kwenu, mi nasikia batu banacheka, sioni hata sura moja. Mbuzi wenu munamufunga mahali anaona batu. Mi munanifungia kwa migomba."

Gentille alipiga magoti. "Koko, nisamehe. Niliambiwa nikae na wewe, nikakukimbia."

"Nilijua," Koko alisema. "Sikukusemea, wangekupiga."

Walirudi polepole. Mama alimsimamisha Koko katikati ya ua wa nyumba, akampa fimbo. "Mama, onyesha. Mulango unautaka wapi?"

Koko alichora mstari mavumbini, kuelekea jikoni. Fabien alisimama kando, akitazama pembeni kwa adabu.

"Gentille, uliza koko yako: nami nitakula wapi?"

"Mwambie baba yako," Koko alijibu, "asimamishe uzio wa matete kati ya jiko na baraza. Mi sina haja ya kumuona akitafuna. Nataka kuona mutoto wangu akipika."

Fabien alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akaleta nyundo. Kesho yake tundu la mlango lilikuwa wazi, na Koko alikuwa jikoni akimkosoa binti yake kwamba sombe yake haijatwangwa vizuri.

Mama alimwita Gentille kwenye lundo la matofali.

"Sisi wakubwa tulikosea. Tulijenga chumba cha mtu bila kumuuliza anaishije. Lakini kila jioni nilikuuliza, na kila jioni ulinijibu kwamba mambo ni mazuri. Uongo wako ulificha kosa letu. Ungesema kweli siku ya kwanza ulipomkimbia, tungebomoa siku ya pili, na mama yangu asingekaa peke yake siku zote hizo. Mtu mzee hashibi ugali tu, Gentille, anashiba watu. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Basi beba tofali. Baba yako anasubiri kumalizia mlango."