Sikio la Nyanzala Mfinyanzi

Zama zile pembe ya ndovu ilipokuwa na thamani kuliko shingo ya aliyeibeba, boma la Busungwa, nchi ya Mtemi Kasuka, lilizingirwa siku kumi na tisa na rugaruga. Walikuwa watu wa kukodiwa, waliookotwa nchi saba, vilemba vyekundu kichwani na magobori begani. Lakini hofu kubwa ya watu wa ndani ya boma haikuwa hao. Ilikuwa ya yule aliyekuwa akigota chini ya ardhi.

Mgoto ulianza adhuhuri moja, jua la utosi, kila mtu amekikanyaga kivuli chake. Ulitoka chini ya kibanda cha kaburi la Mtemi mzee, babaye Kasuka, aliyezikwa mwezi haujaisha. Du. Kimya. Du. Mbuzi waliacha kutafuna. Kesho yake ukarudi saa ileile, na keshokutwa, ukisogea.

Hapana aliyedhani ni jembe. Mtemi akifa Busungwa, majembe hufungwa kamba na kulazwa mwezi mzima, na atakayepasua ardhi siku hizo hatazaa tena. Hata wezi waliuheshimu mwiko huo. Basi mganga Lugusha alipotamka kwamba marehemu ana neno, anataka lango lifunguliwe apate kutoka, watu waliinamisha vichwa. Kasuka, kijana wa ndevu tatu, akaamuru lango lifunguliwe kesho adhuhuri. Nje ya lango hilo kulikuwa na minyororo ya kuwatosha wote.

Habari zilimkuta Nyanzala mfinyanzi ameikalia mikono yake. Ndivyo alivyokaa tangu mikono ianze kutetemeka, ili watu wasiione. Mwaka mzima hajafinyanga hata kibakuli. Wakazamwana walimpa kazi ya kufukuza kuku, na kuku wenyewe hawakumhofu. Lakini miaka hamsini alikuwa amegonga vyungu na kuvisikiliza, chenye ufa akakijua kwa sauti kabla jicho halijauona. Mtemi mzee naye alikuwa na mtindo wake: hugonga mara tatu kwa kifundo cha kidole, hutega sikio, kisha husema, “Hiki kinasema kweli.”

Adhuhuri ya kufungua lango, Nyanzala akaburuta chungu chake kikubwa mpaka kaburini, akakifudikiza, akaweka sikio kwenye kitako chake. Watu wakasogea nyuma. Alikaa hivyo kitambo kirefu, macho wazi, hapepesi.

“Mtemi wangu,” akasema, “baba yako alizikwa na jembe?”

“Alizikwa na mkuki na ngozi ya simba, bibi. Ulikuwepo.”

“Huyu ana chuma kinachokwaruza kokoto. Tena anakohoa. Maiti anakohoa kwa haja gani?”

Lugusha akauliza mbona basi huamka adhuhuri tu. Nyanzala akamjibu kwamba adhuhuri ndipo ngoma na bunduki hunyamaza kwa joto; huyo wa chini hakuwa amelala hata siku moja. Mganga akashikilia kwamba hakuna mtu hai awezaye kuchimba mwezi wa msiba.

“Wa kwetu,” akasema Nyanzala. “Hao wa nje walizika baba gani hapa?”

Papo hapo, chini ya miguu yao: du. Safari hii vumbi likaruka.

Kulihitajika mtu wa kulipasua shimo kabla halijajipasua. Wanaume wakatazamana, kila mmoja akihesabu watoto ambao hajawazaa.

“Nileteeni jembe,” akasema Nyanzala. “Mlango huo mimi niliufunga miaka ishirini iliyopita. Mwiko uje ubishe hodi, hautakuta mtu.”

Vikongwe sita wakacheka, wakaja na majembe yao. Mikono ya Nyanzala ilitetemeka, jembe likatetemeka nayo, ardhi haikuuliza. Ilipotoboka, chungu kilishushwa kimejaa makaa na pilipili kavu, tundu likafunikwa ngozi, moshi urudi chini. Ndipo kikohozi kilipotambaa chini kwa chini hadi nje ya boma, kikafichua mdomo wa handaki nyuma ya kichuguu, na wapiga mishale wa Kasuka wakajua pa kuelekeza. Siku ya tatu rugaruga waliosalia waliondoka, kama waondokavyo watu wa kukodiwa.

Handaki likafukiwa, kaburi likatengenezwa. Nyanzala akaja adhuhuri kukichukua chungu chake, kilichotolewa shimoni na kufudikizwa tena pale pale.

Du. Du. Du.

Taratibu, kama kifundo cha kidole. Akaweka sikio. Hapakuwa na chuma, wala kikohozi, wala pumzi.

“Bibi,” Kasuka akanong’ona, “ni nani tena?”

Nyanzala akaitoa mikono kwenye kaniki, akaiacha itetemeke mbele ya watu wote, akagonga kitako cha chungu mara tatu.

“Huyu wa kwetu,” akasema.

Waimbaji walimpa Kasuka ushindi wote. Lakini tangu hapo, mwezi wa msiba wa mtemi, jembe moja Busungwa halikufungwa kamba, nalo lilikaa kwa mwanamke aliyekwisha kuzaa. Na chungu kile hapana aliyekiondoa.