Mama Alipotulia

Kila mchana kengele ya chakula ilipolia, Karwirwa alitoka shuleni mbio kwenda nyumbani. Wenzake walidhani ni njaa. Kumbe alikuwa akienda kuhakikisha mama yake yupo.

Waliishi wawili tu, karibu na soko la Githongo. Kwa miaka mingi mama yake, Winrose, alikuwa na ugonjwa wa akili uliomyumbisha. Mara alichangamka kupita kiasi asilale, mara alizama katika huzuni, na nyakati zote mbili alikimbilia pombe. Sasa alimeza dawa za hospitali na kuhudhuria kikundi cha walioacha ulevi. Alikuwa ametulia. Utulivu huo ndio uliomtia Karwirwa hofu, maana hakuuzoea.

Jumamosi moja, msimu wa kahawa, mama alimtuma Karwirwa kuchuma sehemu ya chini ya shamba lao. Kila mara aliacha kazi akapanda juu kumchungulia mama, aliyekuwa akichuma huko. Muda ukamponyoka, akaanza kuchuma ovyo, mbivu kwa mbichi.

Kwenye kiwanda cha kahawa, karani Murithi alimwaga gunia lao, akatikisa kichwa. Akawaambia watenge mbivu na mbichi, au warudi nazo zote nyumbani. Majirani kwenye foleni waligeuka kutazama. Zamani, jambo dogo kuliko hilo lilimfanya Winrose atukane watu na kuishia kwenye kilabu cha pombe.

Winrose aliketi chini, akaanza kuchambua.

"Mama, ni mimi nilichanganya," Karwirwa alisema. "Nilikuwa nakimbia kukuangalia. Niliogopa utaenda kunywa."

Mama aliendelea kuchambua. "Hata mimi nimekuwa nikingoja kuirudia pombe," alisema. "Karani alipokataa, nilisubiri ile hasira ije. Haikuja. Nimeshangaa."

Walichambua hadi foleni ikaisha. Murithi akapokea zilizoiva, na zile mbichi wakazibeba kurudi nazo.

Njiani mama alisema, "Umefanya vizuri kusema ukweli. Sasa sikiliza. Kujisikia vizuri si kupona, kwa hivyo dawa sitaacha, na kikundi sitaacha. Nikilemewa, nitamwambia daktari. Ugonjwa huu hukuuleta wewe, na huwezi kuuzuia kwa kunichunga. Kazi yako ni masomo, na kuchuma zilizoiva."

Karwirwa akacheka, akaomba kumpokea mama mzigo wa zile mbichi.