Shemeji Alishika Ufunguo wa Sauti ya Mume Wangu

Nina miaka thelathini na moja. Nimefiwa na mume, na ninaishi Awindiri, hapa Arua, Uganda, na binti yangu Scovia anayesoma chekechea kule Ediofe. Mkisikia kwamba ninalilia programu ya simu mtacheka. Chekeni, lakini mnisikilize mpaka mwisho.

Mume wangu Wani alikuwa wakala wa mizigo mpakani Oraba. Ini lilimwangusha kitandani nikiwa na mimba. Daktari hakutuficha... Wani akaomba simu yangu, akaanza kumrekodia mtoto ambaye alijua hatamwona. Kila alipopata nguvu alizungumza. Alimsimulia utoto wake Koboko, na jinsi ya kumtambua mwongo kabla hajamaliza salamu. Katika rekodi moja alisema kama ni msichana aitwe Scovia. Nyingine ilikuwa kikohozi kitupu, kisha anacheka mwenyewe. Mimi nikawa naandika maelezo yangu na kupiga picha, ili mtoto asikose kitu.

Wani akafa. Simu ilikuwa imejaa hadi inaganda, na mambo yake yametapakaa humo ovyo ovyo. Nikatafuta programu ya kuyapanga.

Nilipata mbili. Ya kwanza ilikuwa ya bure, mbaya kwa sura, lakini ilihifadhi kila kitu kwenye kadi ya kumbukumbu ya simu yangu bila mtandao. Ya pili nilionyeshwa na Lomoro, mdogo wake Wani, fundi wa simu Koboko. Jamani, ilikuwa nzuri! Mafaili yana rangi. Unaandika neno "Baba", na rekodi, picha na maandishi yake yote yanajipanga mbele yako.

"Shemeji, kadi naharibika. Kadi naibiwa," Lomoro aliniambia. "Hii iko kwa mtandao, hakuna mutu nagusa."

Akaunti ilitaka namba ya simu. Mimi nilizaliwa Yei, Sudan Kusini, sina kitambulisho cha Uganda, na laini yangu ilisajiliwa kwa jina la jirani ambaye alikwisha hama. Lomoro akasema tutumie namba yake, isije laini yangu ikafungwa siku moja tukapoteza kila kitu. Nani angekataa? Huyu ndiye aliyekuwa akimwinua Wani kichwa na kumnywesha uji. Akahamisha vyote mtandaoni, akafuta vilivyokuwa kwenye simu ili ipumue. Mjinga mimi, nikamshukuru na kumsongea ugali!

Scovia akazaliwa. Kipindi cha maombolezo kilipokwisha, ukoo ukaniita Koboko na kuniambia kwamba sasa Lomoro atanirithi. Nikakataa, kwa heshima zote. Lomoro ana mke wake, tena mke huyo alikuwa amekaa palepale akiinamisha uso. Lomoro mwenyewe alitabasamu tu.

Niliporudi Arua, programu ikaniambia neno la siri limebadilishwa. Nikaomba jipya, nikaambiwa namba ya uthibitisho imetumwa... kwa simu ya Lomoro.

Nilimpigia hadi nikachoka. Nilituma watu wa kanisa, wakarudi mikono mitupu. Siku moja alinitumia kipande kifupi. Nikakifungua. Kilikuwa kikohozi cha Wani, basi. Mtu wa namna gani hufanya hivyo? Miaka ikapita, yeye akinirushia vipande visivyo na neno, kama mtu anayemchezea mbwa kwa mfupa.

Mwaka huu alipiga simu mwenyewe. Akasema nije na mtoto, yaishe. Nikamvalisha Scovia gauni la kanisani, nikamwambia anakwenda kusikia sauti ya baba yake. Njia nzima hadi Koboko aliimba.

Tulikuta ukoo umekaa, mama mkwe katikati. Lomoro akaniuliza tena kama nitakuwa mke wake. Nikasema hapana. Akaweka simu kwenye kigoda, akabonyeza.

Ilikuwa sauti ya Wani, nzima, ya karibu. "Kama ni msichana, mwite Scovia..."

Binti yangu akainua uso. Akaitika, "Niko hapa, Baba."

Lomoro akaizima. "Wewe nakataa nyumba yetu," akasema. "Basi sauti ya nyumba yetu nakufa hapa." Akaanza kufuta, moja baada ya nyingine, skrini akinielekezea mimi nione.

Nilipiga magoti. Naona aibu kuyaandika haya, lakini nilisema nimekubali. Nilisema atanioa leo, mbele ya mke wake, mbele ya mtoto wangu. Nilimshika miguu!

Akacheka. "Sasa mimi ndiyo nakataa." Akaingia sehemu yanakokaa mafaili yaliyofutwa, akaifuta nayo.

Mama mkwe peke yake hakuelewa kilichotokea. Akamgusa Lomoro bega. "Weka tena, mwanangu," akamwambia. "Mimi nasikia kidogo tu." Lomoro akatazama pembeni. Bibi wa watu akarudia kuomba, mara ya pili na ya tatu, hadi mke wa Lomoro akamshika mkono na kumwingiza ndani.

Fundi wa Arua aliikagua simu yangu kutafuta vilivyofutwa zamani, nami nikajua jibu lake kabla hajafungua mdomo.

Ndugu wasomaji, msichague programu kwa rangi zake. Ulizeni kwanza inafunguliwa na simu ya nani, na siku mkikosana na huyo mtu mtaingilia wapi. Kama hamna namba iliyo yenu kweli, chukueni ile mbaya inayokaa kwenye kadi, mnakili na kwenye kadi ya pili. Na msikubali mtu afute cha kwanza, hata akiwa ndugu wa damu. Nawaomba.

Scovia anaamini baba yake anaishi Koboko, ndani ya simu ya baba mdogo. Kila Jumapili baada ya misa anajiweka tayari mlangoni na gauni lake, akiniuliza kwa nini tunamkawiza Baba, ilhali alimwita naye akaitika.