Kemilembe na Mboga za Kuoka

Kila siku baada ya shule, Kemilembe alifagia uwanja, akachota maji, kisha akamenya ndizi pamoja na mama yake, Costansia. Nyumba yao ilikuwa Kihanga, katikati ya migomba na mibuni. Kemilembe alikuwa na miaka kumi na miwili, na saa aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ile ya jua kuzama. Saa hiyo migomba iliyeyuka taratibu kama moshi, njia ikafifia, na sauti za watu zikawa kama zinatoka mbali sana. Alijiona anaelea ndani ya ndoto. Alidhani kila mtu anaona hivyo.

Kitu asichokipenda ni mboga. Mama alizichemsha mpaka zikarojeka. Kemilembe alikula ndizi na maharage, na mama akigeuka tu, alitoka na mboga zake akazifukia chini ya majani makavu shambani.

"Mboga umemaliza?" mama aliuliza kila siku.

"Nimemaliza, Mama."

Jioni moja alitumwa kumchukua mdogo wake, Lameck, mwenye miaka mitatu, aliyekuwa akicheza kwa jirani. Walirudi wameshikana mikono. Kemilembe alitembea polepole, ukungu wake laini umemzunguka pande zote.

"Dada, shimo," Lameck alisema.

"Shimo gani?"

Hapo hapo mguu wake ukakosa ardhi. Wote wawili waliangukia shimo la kuivishia ndizi. Kemilembe hakuumia, ila Lameck alilia sana, kisha akanyamaza, na ukimya ule ulimtisha zaidi. Alimpapasa usoni, vidole vyake vikalowa. Paji la uso lilikuwa limechanika.

Mama alikuja mbio, bila taa. Aliwatoa, akamfunga Lameck kitambaa mpaka damu ikakatika.

"Bado kuna mwanga, Kemilembe. Hukuliona?"

"Nilikuwa nawaza mambo mengine, Mama."

Asubuhi mapema walikwenda zahanati. Muuguzi, Sperancia, alimshona Lameck nyuzi tatu. Mtoto alishika kidole cha dada yake muda wote.

"Dada haoni," alimwambia muuguzi. "Jioni Dada haoni."

Muuguzi akageuka. "Ni kweli?"

Kemilembe alitazama zile nyuzi nyeusi kwenye paji la mdogo wake. Angeweza kukataa, na pengine wangemwamini yeye kuliko mtoto wa miaka mitatu.

"Ni kweli," alisema. "Jua likizama vitu vyote vinayeyuka. Nilidhani ndivyo jioni ilivyo."

Muuguzi alimchunguza macho. "Unakula nini nyumbani?"

"Anakula vizuri," mama alijibu haraka. "Mboga humaliza zote, hata sahani huirudisha nyeupe."

"Sili, Mama," Kemilembe alisema. "Huwa nazifukia kwenye migomba."

Mama aliinamisha kichwa, na Kemilembe aliona ni afadhali angegombezwa.

"Macho yako yanakosa vitamini A," muuguzi alisema. "Nitakupa dawa leo na kesho, na nyingine baada ya wiki mbili. Lakini kitakachoyalinda ni chakula: boga, karoti, majani ya kijani, na yai likipatikana. Kwa nini hupendi mboga?"

"Zinarojeka. Hazina ladha."

Muuguzi alitabasamu. "Basi zioke. Mafuta kidogo, chumvi kidogo, moto wa taratibu."

Jumamosi, mama alimpa kisu. Kemilembe alikata boga, karoti na nyanya chungu, akazipaka mafuta, akazipanga kwenye sufuria. Walifunika, wakapalia makaa juu ya kifuniko. Kidogo kidogo harufu tamu ilijaa jikoni, nzito na yenye joto, mpaka Kemilembe akasahau kuzungumza. Boga lilikuwa limekuwa kahawia pembeni, na ndani laini kama asali iliyoganda. Alikula kipande kimoja, akafumba macho, akachukua kingine.

Siku zilivyopita, jioni zilianza kumfunulia vitu. Aliona kwanza ncha za majani, kisha kuku wakipanda kulala, na siku moja aliziona kahawa zilizoiva, moja moja, nyekundu kwenye mti, hali jua lilikwisha kuzama. Alisimama pale kwa muda mrefu, ameduwaa.

Mama alimkuta hapo, amembeba Lameck.

"Mama, nisamehe kwa uongo wangu."

"Nimekusamehe. Na mimi nilikosea, sikukuuliza kwa nini huli kwa furaha." Alimweka Lameck chini. "Lakini sikia, mwanangu. Chakula bora hakisaidii kikifukiwa shambani, na ugonjwa hautibiki ukifichwa. Usipokipenda kitu, sema, tutatafuta namna nyingine ya kukipika. Ukiumwa, sema, tutatafuta dawa. Ukininyamazia, nitakusaidiaje?"

"Nitasema, Mama."

Kemilembe akamshika Lameck mkono, akatangulia njiani kuelekea nyumbani.