Kompadre wa Kijiji Kizima

Asubuhi ile ya Januari, kijijini Santa Inés del Cerro, milimani Oaxaca, ua wa Nicanora ulikuwa na raha yake. Hermilo, mumewe, alikaa kwenye kigoda akisugua mahindi juu ya duara la magunzi makavu yaliyofungwa kwa waya, punje zikimwagika mkekani. Binti yao Anayeli, wa miaka minane, alikuwa na kazi moja tu ya kufukuza kuku, na hata hiyo alikuwa akiitegea. Nicanora aligeuza tortiya, chapati za mahindi, jikoni huku akiyatazama magunia yaliyokwisha kushonwa. Mwaka ule shamba lilikuwa limewakubali.

"Kwa bei ya serikali huendi kokote mwaka huu," alisema.

"Nani kakwambia naenda?"

"Begi lako liko chini ya kitanda limejaa nguo. Lilijipanga lenyewe?"

Hermilo akacheka, lakini cheko lilikatika njiani. Jumapili lingepita lori la kuchukua wachuma stroberi kwenda kaskazini, safari ya siku tatu na kazi ya miezi saba. Mwaka juzi aliporudi kutoka huko, Anayeli alijificha nyuma ya mama yake kama aliyeona mgeni. Kwa hiyo mume na mke walikuwa wamekubaliana: mahindi yakipokelewa kwenye ghala la serikali, begi litafunguliwa na nguo zitarudi kwenye msumari.

Tuseme kweli, ndugu zangu. Safari hii serikali ilikuwa imejitahidi. Iliweka bei ya peso saba kwa kilo kwa mkulima mdogo, wakati walanguzi walikuwa wakinunua kwa nne na kumwita muuzaji mvivu juu yake. Ilifungua ghala mjini lenye mizani isiyochezewa, ikampa kila mkulima kiwango chake cha kuuza, ikatoa na mbolea ya bure. Kilichobaki ni mkulima kufika na mahindi yake.

Ijumaa Nicanora alikodi gari la jirani akafika, maana Hermilo alikuwa kwenye zamu ya kutengeneza bomba la maji la kijiji. Alipanga foleni tangu saa moja. Ilipofika zamu yake, karani, msichana mwenye miwani, aliitazama karatasi ya shamba, akatazama kompyuta, kisha akamtazama yeye.

"Mama, Hermilo Quiroz ameshauza."

"Ameshauza nini? Mahindi haya hapa."

"Alileta tarehe tisa. Kiwango chake kimekwisha. Saini yake hii."

Saini ilikuwa ya Hermilo, na ule mkia wake mrefu wa herufi ya mwisho. Nicanora aligeuka kutazama uani mwa ghala, akaona lori jekundu likishusha magunia, magunia mapya yote ya rangi moja, mahindi ya njano ya mashamba makubwa ya bondeni. Santa Inés hakuna anayelima mahindi ya njano. Aliyeegemea mlango wa lori akitafuna kijiti alikuwa Don Gaudencio.

Huyu Don Gaudencio alikuwa mlanguzi, lakini kijijini hakuna aliyemwita hivyo. Aliitwa kompadre, kwa sababu alikuwa baba wa ubatizo wa watoto thelathini na mmoja, na mama zao aliwaita komadre. Kila mtoto aliyezaliwa, yeye huyo na gauni jeupe, mshumaa na bata mzinga wa karamu. Na kwa watu wetu, aliyemshika mtoto wako kanisani ni ndugu yako mpaka kaburini, humkatalii kitu. Wengine hufunga ng'ombe kwa kamba. Yeye aliwafunga watu kwa ubatizo.

"Komadre!" alimwita Nicanora kwa furaha, bila hata kupepesa macho. "Na jua hili lote! Ungeniambia, ningekuja kuyachukua nyumbani."

"Kwa nne?"

"Kwa nne na nusu, kwa ajili ya Anayeli, mwanangu wa ubatizo. Mimi si mtu baki."

Nicanora alimpa kisogo. Alirudi dirishani kwa karani, akaeleza jinsi mlanguzi alivyouza mahindi ya bondeni kwa jina la mumewe. Karani alishusha sauti.

"Nakuamini, mama. Wenzenu wengi wa kijijini nao wameandikwa tarehe hiyohiyo. Lakini shamba liko kwa jina la mumeo. Asimame yeye mwenyewe mbele ya mkutano wa kijiji, aseme mahindi yale hayakuwa yake, mwenyekiti aandike na kugonga muhuri. Leteni karatasi hiyo Jumatatu nitayapokea yenu. Jumanne tunafunga."

Aliporudi nyumbani alimkuta Hermilo ananawa matope. Hakuzunguka.

"Ulimpa Gaudencio karatasi?"

Hermilo aliendelea kunawa, ingawa mikono ilikwisha kutakata. "Siku ya posada, ile karamu ya kuelekea Krismasi. Alisema anatuandikishia mbolea, akairudisha baadaye. Kisha akasema, nisaidie na saini hapa pia, kompadre, jina halilimi wala halichoki."

"Na mbolea uliipata?"

"Mifuko miwili. Alituletea mwenyewe mpaka mlangoni."

"Hermilo, mbolea ni ya bure! Karatasi inasema minne! Amekuzawadia mali yako mwenyewe, tena nusu, nawe ukamwambia asante!"

"Nilimwambia na Mungu akuzidishie," alisema kwa sauti ndogo.

Nicanora alitaka kucheka, akashindwa. "Kesho kwenye mkutano utasema."

"Nimshtaki kompadre? Anayeli alipoumwa na nge, nani alimkimbiza hospitali? Alimkimbiza yeye, na lori lake. Akiumwa tena nitampigia nani, yule karani?"

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomchoma Nicanora zaidi.

Jumamosi ukumbi wa kijiji ulijaa. Don Gaudencio alikaa mbele, kofia juu ya goti. Wanawake husikiliza zaidi kuliko kusema pale, lakini Nicanora alisimama.

"Naomba kuuliza. Ni wangapi humu ni makompadre wa Don Gaudencio? Nyosheni mikono."

Mikono ilipanda kwa vicheko. Don Gaudencio aligeuka kuiona, akatabasamu kama bwana harusi.

"Msiishushe. Auache juu yule ambaye karatasi zake hazijauza mahindi ya njano tarehe tisa."

Mikono yote ilishuka. Vicheko vikafa.

"Sasa anyoshe aliye tayari kulisema hilo mbele ya mwenyekiti, liandikwe."

Mwenyekiti alishika kalamu. Mtu alikohoa. Mzee mmoja alianza kukagua kofia yake kama ameinunua leo. Nicanora alimtazama mumewe. Hermilo alikuwa ameinamisha kichwa, mkono wake wa kulia umeshikwa na wa kushoto juu ya paja, umeshikwa hasa, kama mtu anayezuia mbwa.

"Komadre amechoka," alisema Don Gaudencio kwa upole. "Jua la jana lilikuwa kali."

Watu walicheka. Nawaambieni walicheka, watu walioibiwa! Mwenyekiti akaiweka kalamu chini, wakaingia kwenye habari ya bomba la maji.

Jioni ileile lori jekundu lilikuja kubeba magunia, kwa peso nne. Ile nusu ya mwana wa ubatizo haikutajwa tena. Anayeli alipewa pipi, akashukuru kwa adabu, kama alivyofundishwa.

Jumapili Hermilo alipanda lori la wachuma stroberi na begi lake. Gari lilipoanza kushuka mlima alisimama kati ya wenzake, akanyosha mkono wa kulia juu kabisa, akaupunga mpaka kwenye kona. Anayeli naye alipunga.

Nicanora hakupunga. Aliutazama ule mkono, jinsi ulivyopanda kwa wepesi.

FUNZO

Wasomaji wangu, serikali yaweza kuweka bei, ghala na mizani. Na ni haki kuilaumu inapokagua karatasi isikague mahindi, na inapokiacha kijiji bila gari la wagonjwa hadi mlanguzi awe ndiye mwokozi. Lakini jina lako ni shamba lako la pili. Usimwazime mtu, hata kama alimbeba mwanao kanisani. Na siku ukiulizwa mbele ya watu nani ameibiwa, nyosha mkono siku hiyohiyo, ukiwa bado ukumbini na mkeo.