Nyambizi Iliyoziba Bomba

Hapana, nyambizi si samaki. Ni chombo; watu wanaingia, mlango unafungwa, kinazama na kwenda hukohuko chini. Mwalimu wa kule mlimani Uluguru aliwaambia watoto kuna moja ya Warusi ilikimbia chini ya maji zaidi ya kilomita themanini kwa saa, sawa na basi la Dodoma lililochelewa, na mpaka leo haijasikika ya kuipita. Hapo ndipo yalipoanza ya Mwaisha.

Mwaisha alikuwa darasa la sita. Jioni watoto wa kule wakitoka shule humwagilia kabichi. Maji hutoka mtoni kwa bomba moja nene, yanashuka mpaka kwenye tangi la shambani. Baada ya somo lile wakawa wanashindanisha nyambizi zao, chupa zilizotiwa mchanga, kwenye mfereji, na chupa ya Ezekiel, mtoto wa jirani, ndiyo iliyoshika rekodi. Hilo lilimkera Mwaisha kama mwiba wa kisigino.

"Yangu itapita ndani ya bomba lenyewe," akasema.

Kuchezea bomba ni marufuku, wote wanajua. Siku ya Jumamosi akapanda mtoni peke yake, akaisukuma chupa kwa fimbo mpaka bomba likaimeza. Akakimbia tangini. Akangoja. Chupa haitoki. Mara akamsikia Ezekiel anakuja. Basi akatoa mfukoni chupa nyingine inayofanana nayo, akailowesha, akainyanyua juu.

"Imepita! Rekodi yangu!"

"Wee, muongo!"

"Ishike basi, si bado inachuruzika?"

Ezekiel akaishika, akaigeuzageuza, akakubali.

Alasiri maji yakawa uzi, kisha yakakata. Mjomba wake Mwaisha, Pazi, akachukua panga. "Majani yameziba mdomo wa bomba kule mtoni. Naenda kuzibua."

"Pazi, tazama mlima," mama akasema. Juu kulikuwa kweusi tii. "Mto ukija je?"

"Nitawahi," akajibu, akaanza kupanda.

Sasa, mto wa mlimani hauhitaji mvua ya hapa ulipo ili ufurike. Inanyesha huko juu, wewe uko na jua lako, unasikia tu mngurumo. Mwaisha alilijua hilo. Tena alijua mdomo wa bomba hauna kitu. Mjomba angetafuta majani yasiyokuwepo, angezama mpaka kifuani, angezidi kutafuta. Akisema, Ezekiel atamcheka mbele ya shule nzima. Asiposema...

Miguu ikaamua yenyewe. Akapanda mbio, anateleza, anashika nyasi.

"Mjomba! Toka!"

"Subiri, bado napapasa!"

"Hakuna kitu hapo! Ni chupa yangu, imekwama huko ndani! Haikupita, nilidanganya! Toka, mjomba!"

Pazi akamtazama. Mwamba ukaanza kutetemeka. Akaruka, akashika mzizi, akajivuta ukingoni, na pale aliposimama pakapita maji mekundu na magogo. Panga likaenda nayo. Wakakaa chini wote wawili, wakihema.

Waliposhuka, wakafungua bomba penye kona, chupa ikafyatuka na maji usoni kwa Ezekiel aliyekuja kutazama.

"Hiyo ndiyo rekodi?" akasema anajifuta. "Hata kobe ameipita!"

Nyumbani Mwaisha akasimama mlangoni, anaogopa kuingia.

"Mwaisha," mjomba akasema, "kesho utaungama mbele ya wenzako, na bomba utalisafisha wewe. Lakini sikia. Uongo wako uliuona mdogo, wa mchezo tu. Kumbe mimi nilikuwa nimesimama mtoni kwa sababu yake, bila kujua. Muongo hachagui nani ataumia. Na kweli, hata ikichelewa, iseme. Leo yako imenitoa mtoni."

"Nisamehe, mjomba."

"Nimeshakusamehe. Nawa mikono."

Mama akatua sinia la ugali na maharage. Mjomba akasogea kwenye mkeka akamwachia nafasi, Ezekiel akabanana upande wa pili, na wote wakakaa kula.